Kutoka Msukano wa Keekee hadi Spindeli: Historia ya Kuchagua Mota katika Karakana Ndogo ya Mbangala, Mkoa wa Songwe

Utangulizi

Historia ya teknolojia nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya ujio wa vitu. Reli ilikuja, umeme ulikuja, viwanda vya umma vilikuja, kompyuta nazo zikaja. Mtindo huo una faida yake, kwa kuwa kitu kinachokuja kutoka mbali huacha nyaraka: mikataba, barua, taarifa za bandari. Hata hivyo, unamficha mtu mmoja muhimu, naye ni yule aliyesimama mbele ya vitu viwili au vitatu na kulazimika kuchagua kimoja kwa fedha yake mwenyewe. Makala hii inamhusu mtu huyo.

Uchaguzi unaochunguzwa hapa ni mdogo. Seremala anayejijengea mashine ndogo ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wenyewe huiita mashine ya CNC, afunge mota gani kwenye kichwa chake? Kichwa hicho, chenye mhimili unaoshika kijembe na kukizungusha, ndicho kinachoitwa spindeli. Hoja ninayoitetea ni kwamba mota haichaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na waya unaoilisha na pamoja na fundi atakayeifungua siku itakapokufa. Historia ya mota katika nchi yetu haieleweki vizuri ikiwa mambo hayo yatatenganishwa.

Sina budi kueleza nafasi yangu katika jambo hili. Karakana ninayoizungumzia ni ya mjomba wangu, seremala katika kata ya Mbangala, Wilaya ya Songwe. Ni yeye aliyeniomba ushauri kuhusu mota, na ni mimi niliyempa ushauri wa kwanza, ambao haukuwa sahihi. Msomaji atakayeona kwamba mtafiti amejiingiza mno katika data zake atakuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa upande wangu naona kwamba kosa lile ndilo lililonifungulia mada, na kulificha kungekuwa udanganyifu.

Mzunguko kabla ya mota

Neno spindeli ni la mkopo, lakini kitu chenyewe si kigeni. Kamusi za zamani za Kiswahili, ikiwamo ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinaeleza chombo cha kutobolea mbao kinachoitwa keekee, na zinazitaja sehemu zake kwa majina: kijembe ni chuma kinachotoboa, uta ndio unaovutwa mbele na nyuma ili kukizungusha, na msukano ni kile kipande cha mti kinachoshika kijembe na kuzunguka nacho. Kwa maneno mengine, msukano ndio spindeli. Mafundi wa majahazi na wa milango ya pwani walikuwa na jina la sehemu hiyo kabla ya mota yoyote kufika katika ufuko huu. Sambamba na keekee kulikuwa na kerezo, mashine ya kukerezea miguu ya vitanda na viti, ambayo nayo iliendeshwa kwa nguvu ya mkono. Kwamba leo tunaandika spindeli na tumeuacha msukano ukae kwenye kamusi ni jambo linalostahili mjadala wa wanaleksikografia. Binafsi ningependa neno hilo lirudi, ingawa sitegemei kwamba muuza mota wa Kariakoo atanielewa nikilitumia.

Tukitoka pwani kwenda bara, mzunguko ulikuwapo kwa sura nyingine. Katika magofu ya Kilwa, Chittick (1974) aliripoti vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kama uzito wa vijiti vya kusokotea nyuzi za pamba. Kwa upande wa nyanda za kusini magharibi, Kjekshus (1977) amekusanya ushahidi wa ufumaji wa nguo za pamba pamoja na uyeyushaji wa chuma katika karne ya 19. Ufipa na bonde la Rukwa zilijulikana kwa nguo za pamba, na Wanyiha wa Mbozi walikuwa wayeyushaji wa chuma. Kata ya Mbangala iko katika ukanda huohuo unaoteremka kuelekea Rukwa. Nguo za viwandani kutoka nje na sera za kikoloni zilivunja nguvu ya kazi hizo, na Rodney (1972) amelieleza jambo hilo kwa ukali unaostahili. Hata hivyo, hoja yake, ikisomwa kwa haraka, humfanya msomaji adhani kwamba ufundi ulikatika na pakabaki utupu. Ninashuku kwamba hapakuwa na utupu. Katika miji yetu, fundi anayerudishia nyaya za shaba ndani ya mota iliyoungua huitwa fundi wa kusuka mota. Sidai kwamba yeye ni mrithi wa moja kwa moja wa mfumaji wa Rukwa. Nasema tu kwamba lugha haikulazimika kwenda mbali kumtafutia jina.

Umeme ulivyokuja kwa ajili ya karakana

Kumbukumbu zinazotumiwa na Shirika la Umeme Tanzania zinaonyesha kwamba umeme wa kwanza kwa matumizi ya umma katika Tanganyika ulianzishwa Dar es Salaam mwaka 1908, chini ya utawala wa Wajerumani, na kwamba ulihudumia karakana za reli pamoja na sehemu ya mji walikoishi wakoloni. Wanahistoria wengi hupita sentensi hiyo wakikimbilia taa za mji. Ingefaa tuikalie kidogo. Karakana imetajwa pamoja na nyumba za watawala. Tangu siku ya kwanza, basi, umeme katika nchi hii ulikuwa wa vyuma vinavyozunguka, si wa taa peke yake.

Wakati huo mota yenyewe ilikuwa bado changa. Hataza za Nikola Tesla kuhusu mota ya umeme wa mkondo geu zilitolewa mwaka 1888, na Mikhail Dolivo-Dobrowolsky, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alitengeneza mota ya njia tatu yenye rota ya kizimba mwaka uliofuata. Mota ya aina hiyo haina kaboni wala kitu chochote kinachosuguana ndani yake isipokuwa beringi. Mwendo wake huamuliwa na masafa ya umeme pamoja na idadi ya ncha za sumaku: zidisha masafa kwa 120, kisha gawanya kwa idadi ya ncha. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota ya ncha mbili haiwezi kuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika. Kanuni hii ndogo itarudi tutakapofika Mbangala, kwa kuwa kuchonga mbao kwa kijembe chembamba kunadai mizunguko mara tano au sita ya hiyo.

Hata katika nchi tajiri mota haikuingia karakanani mara moja. Devine (1983) ameonyesha kwamba mwaka 1899 umeme uliendesha chini ya asilimia 5 ya nguvu ya mashine katika viwanda vya Marekani, na kwamba ilichukua takribani miaka 20 kuvuka nusu. Sababu haikuwa ubora wa mota. Viwanda vilikuwa vimejengwa kuzunguka mhimili mmoja mrefu wa darini uliozungushwa na injini ya mvuke, na kila mashine ilipokea nguvu kwa mkanda kutoka kwenye mhimili huo. Kuipa kila mashine mota yake kulimaanisha kulipanga jengo upya. Msomaji anayetaka kuona mkanda ukifanya kazi leo hahitaji kwenda kwenye makumbusho. Aende kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu katika uwanda wa Lupa, ambako injini ya dizeli huzungusha pipa la chuma kwa puli na mkanda. Edgerton (2006) ametuonya tusipime historia ya teknolojia kwa tarehe za uvumbuzi bali kwa matumizi, na uwanda wa Lupa unamuunga mkono kila siku ya kazi.

Lupa yenyewe ina historia yake ya mashine. Dhahabu ya mitoni ilivutia wachimbaji katika miaka ya 1920, mbio kubwa zikafuata katika miaka ya 1930, na mgodi wa miamba wa Saza, katika wilaya ambayo leo ni ya Songwe, ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi ulipofungwa mwaka 1956. Kufungwa kwa mgodi hakukumaanisha kuisha kwa dhahabu. Wachimbaji wadogo waliendelea, na pamoja nao wakaendelea mafundi wa injini, wa kuchomelea na wa mikanda. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulirithi watu wenye ujuzi huo.

Mashine mama na ahadi yake

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa baada ya mkakati wa viwanda mama wa mwaka 1975, Serikali ililichukua swali la nani atatengeneza mashine za kutengenezea mashine nyingine kuwa swali la taifa. Karakana ya Mang'ula, huko Kilombero, iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA kwa msaada wa China, iligeuzwa kuwa kampuni ya vifaa vya mashine. Kiwanda cha Kilimanjaro cha mashine hizo kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa teknolojia ya Bulgaria. SIDO ilikuwa imeundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuhudumia viwanda vidogo. Katika Nyanda za Juu Kusini, Zana za Kilimo Mbeya ilitengeneza majembe. TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, ilipitisha treni zake Vwawa na Tunduma, na ikahitaji vijana wanaojua kukereza chuma.

Kisha zikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, uhaba wa fedha za kigeni, na viwanda vikaanza kufanya kazi chini ya uwezo wake. Mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti ya soko huria yakafuata. Sehemu hii imeandikwa sana na sina la kuongeza, isipokuwa jambo moja. Mpango wa mashine mama ulimwona fundi kama mwajiriwa wa kiwanda. Haukumwona kama mtu anayeweza siku moja kujijengea mashine uani kwake. Grace (2021), akiandika kuhusu magari na gereji za Tanzania, ameonyesha kwamba maarifa makubwa ya ufundi yalizalishwa nje ya mipango rasmi, chini ya miti na kando ya barabara. Ninaona kwamba hukumu hiyo inafaa pia kwa mota.

Katika kipindi hichohicho mashine zinazoongozwa kwa namba zilikuwa zikikomaa kwingine. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1952 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, kutokana na wazo la John Parsons na kwa fedha za Jeshi la Anga la Marekani. Noble (1984) alieleza kwamba palikuwapo njia nyingine: mashine ingeweza kurekodi mikono ya fundi hodari akifanya kazi, kisha ikairudia. Njia hiyo iliachwa, na kwa maoni yake sababu kubwa ilikuwa hamu ya wenye viwanda kuhamisha mamlaka kutoka kwa fundi kwenda ofisini. Hoja hiyo imepingwa na baadhi ya wanahistoria, lakini inatupa swali zuri la kuuliza Mbangala, ambako mwenye kiwanda, ofisi na fundi ni mtu mmoja.

Kilichowezesha hali hiyo ni kushuka kwa bei ya ubongo wa mashine. Bodi ya Arduino ilitokea Italia mwaka 2005, na programu ya bure ya Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliifanya bodi hiyo ndogo iweze kuendesha mota za hatua katika mihimili mitatu. Ubongo uliokuwa wa jeshi ukawa wa bei ya jozi ya viatu. Kilichobaki ghali, na kigumu kuchagua, ni kile kilichokuwa kigumu tangu zamani, yaani kitu chenye nguvu ya kukata.

Mota tatu mbele ya seremala mmoja

Sasa tuingie karakanani. Mjomba alikuwa amekamilisha fremu ya mashine kwa mabomba ya chuma na reli za kutelezea zilizoagizwa, yenye eneo la kuchongea linalotosha paneli ya mlango. Mbao zake ni mninga na mkongo zaidi. Aliponiuliza afunge mota gani, alikuwa na aina tatu mbele yake, na kwa kuwa wasomaji wengi wa makala za historia hawazijui, nitazieleza.

Aina ya kwanza ni ruta ya mkono, ile inayotumiwa na maseremala kukatia kingo, ikiondolewa kitako chake na kufungwa kwenye mashine. Ndani yake mna mota ya kaboni inayokubali umeme wa njia moja moja kwa moja kutoka ukutani. Ruta ndogo ya Makita yenye wati 710, ambayo ndiyo inayonakiliwa zaidi, huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika, ina kilo zisizofika mbili na kiwiliwili cha milimita 65. Ina kelele nyingi. Kaboni zake hulika. Beringi zake hazikukusudiwa kusukumwa upande saa nyingi mfululizo. Aina ya pili ni mota ndogo ya mkondo mnyoofu, ya wati 300 hadi 500, yenye kaboni pia lakini inayohitaji kisanduku chake cha kubadilishia umeme. Hii niliikataa mapema na sijutii. Kwa mkongo ni dhaifu.

Aina ya tatu ndiyo niliyoipenda. Ni mota ya Dolivo-Dobrowolsky yenyewe, ya njia tatu, isiyo na kaboni, ikiwa imewekwa ndani ya silinda ya chuma cha pua yenye kipenyo cha milimita 80 na kupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu ndogo. Kwa kuwa umeme wa ukutani ni wa njia moja na wa hezi 50, huhitaji draivu inayobadili umeme huo kuwa wa njia tatu na kupandisha masafa hadi hezi 400. Irudie ile kanuni: 400 mara 120, gawanya kwa 2, na utapata mizunguko 24,000. Kilowati 2.2. Kimya kiasi kwamba mtu anaweza kuzungumza pembeni yake. Niliandika haya yote kwenye simu na kumtumia mjomba kwa furaha ya mtu aliyesoma, naye akaamini, kwa sababu aliyelipiwa ada ya shule na ukoo ana deni la kuaminika.

Mota ilifika, ikafungwa, ikazunguka vizuri asubuhi. Jioni, watu wanaporudi nyumbani na kila jiko na friji vinapodai umeme, draivu ilikuwa ikijizima katikati ya kazi. Kijembe kinachosimama ndani ya mninga huku mashine ikiendelea kwenda mbele huvunjika, na paneli huharibika. Paneli mbili za mlango wa mteja zilikwenda hivyo, na gharama yake aliilipa mjomba.

Wa kulaumiwa hakuwa mbali. Karakana iko uani, kiasi cha mita 60 kutoka kwenye mita ya Luku, na waya uliovutwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya balbu na randa ndogo ni wa shaba wa milimita mraba 1.5. Hesabu ni rahisi na ningepaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Umeme huenda na kurudi, hivyo urefu ni mita 120. Ukinzani wa waya huo ni takribani omu 1.4. Mota ya kilowati 2.2, pamoja na upotevu wa draivu, huvuta ampea zinazokaribia 12. Zidisha, na utaona kwamba volti 17 hivi zinaishia kupasha moto waya. Kama volti za jioni kwenye mita zimekwisha kushuka hadi 200, zinazofika kwenye draivu ni 183, na draivu imeandikiwa kujilinda kwa kujizima. Ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa.

Kuna tatizo la pili ambalo halikuonekana mapema kwa kuwa lilifunikwa na la kwanza. Mwendo wa kijembe na mwendo wa mashine lazima vipatane. Kijembe chenye makali mawili kikizunguka mara 18,000 kwa dakika, na kila kali likitakiwa kuchukua unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, mashine inapaswa kwenda milimita 3,600 kwa dakika. Fremu ya mabomba iliyojengwa uani haiwezi kasi hiyo bila kutikisika. Ukiipunguza kasi ya mashine na kuuacha mwendo wa kijembe ulivyo, makali hayakati tena bali yanasugua. Badala ya maranda hutoka unga, na mninga huungua na kuwa mweusi. Inabidi basi kijembe chenyewe kizungushwe polepole. Lakini mota ya masafa hutoa nguvu kulingana na mwendo: ile ya kilowati 2.2 kwenye mizunguko 24,000, ikiteremshwa hadi 6,000, hubaki na robo, yaani wati 550. Mjomba alikuwa amelipia nguvu ambayo fremu yake haikuweza kuitumia, na amebeba kwenye kichwa cha mashine kilo 5 hivi za chuma zilizoongeza mtikisiko.

Alilosema fundi

Nilipokwenda Mbangala kuangalia, nilikuwa nimejiandaa kueleza hesabu hizi. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo halikuwamo katika daftari langu: "Mjomba, hii ikifa, nani anaifungua?" Sikuwa na jibu. Mota yenyewe pengine ingesukwa upya na fundi hodari wa Tunduma au Mbeya, ingawa silinda yake nyembamba na beringi zake za kasi si kazi ya kila mtu. Draivu ni jambo jingine. Ikiungua kwa ndani, hununuliwa nyingine, na nyingine hiyo husafiri wiki kadhaa. Kwa ruta alikuwa na jibu la haraka. Ni ndugu ya grainda na drili, na kaboni zake, alisema, hupatikana Tunduma katika maduka yaleyale yanayouza kaboni za grainda. Kubadilisha beringi amewahi kufanya mwenyewe kwa nyundo na kipande cha bomba.

Katika lugha ya wataalamu wa mashine, jibu hilo lingehesabiwa kuwa hatua ya kurudi nyuma. Mota ya kaboni ni ya zamani kuliko ya njia tatu. Ina kelele, hulika, na maisha yake ni mafupi. Lakini maisha ya mota hupimwa kwa saa za kuzunguka, na maisha ya karakana hupimwa kwa siku za kusimama. Mota itakayodumu miaka mitano na kusimama wiki sita mara moja inaweza kumgharimu seremala kuliko ile inayobadilishwa kaboni kila baada ya miezi michache katika muda wa kunywa chai. Vigezo hivi viwili havimo katika jedwali moja la mwuzaji, na nadhani ndiyo sababu wanahistoria wanaotegemea nyaraka za wauzaji na za viwanda hushindwa kuona busara ya chaguo kama hili na kuliita uhaba.

Sitaki kumfanya mjomba kuwa shujaa wa hoja yangu. Uamuzi wake una gharama. Kelele ya ruta imewafanya majirani waombe asichonge baada ya magharibi, na vumbi la mkongo linaloingia kwenye matundu ya kupozea litaiua ruta hiyo mapema kuliko angependa. Angekuwa Vwawa, kwenye umeme wa njia tatu na jirani wa fundi wa draivu, ningemshauri tena mota ya masafa, tena ile ya kilowati 1.5 badala ya 2.2, na ningekuwa sahihi. Historia ya usambazaji wa umeme vijijini, tangu sheria ya nishati vijijini ya mwaka 2005 na Wakala wake ulioanza kazi 2007, kwa kawaida husimuliwa kwa idadi ya vijiji vilivyofikiwa. Waya wa mwisho, kutoka kwenye mita hadi kwenye mashine, hauhesabiwi na mtu, na katika karakana hii ndio ulioamua.

Tuliubadilisha waya huo. Sasa ni wa milimita mraba 4, na kwa mzigo uleule upotevu wake hauzidi volti 7. Pia tuliirekebisha draivu ili ianze polepole, kwa sekunde 10 badala ya 3, jambo linalopunguza mvuto wa umeme wakati wa kuwasha. Kwa vipimo nilivyochukua jioni tatu mfululizo, mota kubwa haikuzimika tena. Nilimwambia mjomba kwamba sasa anaweza kuirudisha kichwani.

Ametengeneza vishikio viwili kwa mbao ya mkongo, kimoja cha milimita 65 na kingine cha 80, vinavyofungwa kwa boltinati zilezile nne. Siku niliyoondoka, kilichokuwa kimefungwa ni kile cha 65, ruta ikipiga kelele juu ya paneli ya kwanza kati ya zile mbili alizokuwa akimdaiwa mteja.